Binti ana Div II ya 21 lakini Hesabu kala F, anataka udaktari: PCB, CBG au diploma ya utabibu?

Mjomba_wa_Kaliua

Wakuu, habari za muda huu. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, na hapa nyumbani kila mtu ana mpango wake, mpaka mtoto mwenyewe haulizwi. Naomba wenye uelewa mtusaidie.

Ni binti wa dada yangu, amesoma shule ya serikali. Matokeo yako hivi: Uraia C, Historia D, Jiografia C, Kiswahili B, Kiingereza C, Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C, Hesabu F. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wameandika Div II (daraja la pili), pointi 21. Ndoto yake ni udaktari, hilo halina mjadala kwake.

Baba yake anasema aende fomu faivu PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Mama yake anataka aombe diploma ya utabibu mwaka huu huu, kwa sababu amesikia PCB inaua. Mwalimu mmoja kashauri CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) kwa kuwa "zote ana C". Kwenye Selform, yaani fomu ya machaguo, aliyojaza shuleni kabla ya mtihani, chaguo la kwanza aliweka CBG, la pili PCB, la tatu HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza).

Maswali yangu: PCB kwa D ya Fizikia inakubalika? Hiyo F ya Hesabu ina madhara gani kama haendi kusomea Hesabu? Tukate rufaa? Na kuna jingine dogo: jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa limepishana herufi moja na la NECTA. Je, hilo ni la kuhangaikia sasa au baadaye?

TaalumaSekondari

Shikamoo mjomba, na hongereni, Div II kutoka shule ya serikali si haba.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana wengi wanaisoma namba hiyo bila kujua imetoka wapi. A ni pointi 1 (alama 75 hadi 100), B ni 2 (65 hadi 74), C ni 3 (45 hadi 64), D ni 4 (30 hadi 44), F ni 5 (chini ya 30). Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Kwake ni Kiswahili 2, halafu Uraia, Jiografia, Kiingereza, Kemia na Baiolojia 3 kila moja, jumla 17. La saba ni D moja, ama Fizikia ama Historia, 4. Jumla 21. Hesabu haikuingia kabisa kwenye hizo saba, ndiyo maana daraja linaonekana zuri na F imejificha nyuma yake.

Daraja la kwanza ni 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na 34 hadi 35 ni sifuri. Kwa hiyo yuko ukingoni mwa daraja la pili, ila kwenye kuchaguliwa daraja peke yake halitoshi. Vigezo vya serikali vya kwenda kidato cha tano ni hivi: krediti zisizopungua tatu, yaani A, B au C, kwenye masomo yasiyo ya dini, pointi za masomo saba zisizidi 25, na kwenye masomo matatu ya tahasusi (mchepuo kama PCB au CBG) asiwe na F, huku jumla yake ikiwa kati ya 3 na 10.

Pimeni sasa. CBG: 3+3+3 = 9, ndani. PCB: Fizikia 4, Kemia 3, Baiolojia 3 = 10, ndani lakini kwenye mstari wa mwisho kabisa. HKL: Historia 4, Kiswahili 2, Kiingereza 3 = 9, ndani. HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza): 4+3+3 = 10, ndani. PCM, PGM na EGM, ambazo zote zina Hesabu ndani yake, zimefungwa na F ya Hesabu, hata msihangaike nazo.

Ila kukidhi vigezo si kuchaguliwa. Mwenye PCB ya 10 anagombea nafasi na wenye 3, 4, 5. Wanapangwa kwa ufaulu na kwa nafasi zilizopo. Mtoto akiweka PCB ya kwanza na CBG ya pili, mfumo unaweza kumshusha kwenye CBG. Akiacha CBG kwanza kama ilivyo sasa, PCB asahau, kwa sababu CBG anaipata kabla hajafikiriwa huko.

Dirisha la kubadili machaguo hufunguliwa na TAMISEMI (ofisi inayopanga wanafunzi) baada ya matokeo, miaka ya karibuni limekuwa Machi mwishoni hadi Aprili, kwenye selform.tamisemi.go.tz. Anaingia mwenyewe kwa namba yake ya mtihani. Nasisitiza mwenyewe. Kila mwaka kuna watoto wanaofunguliwa akaunti na mwenye steshenari, nenosiri linabaki kwake, na siku ya kurekebisha hakuna anayelikumbuka.

Mzee wa Fofiga

Mwalimu hapo juu kamaliza upande wa pointi. Mimi nikae kwenye hiyo F, kwa sababu ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye matokeo haya, na nyote mnaipita.

Mama anataka utabibu. Sawa, kuingia ataingia: stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, kuanzia D. Anazo. Atasoma miaka mitatu, NTA (ngazi za tuzo za vyuo) ya 4, 5 na 6, atatoka tabibu. Halafu atataka kupanda awe daktari. Hapo mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa mwenye diploma ya utabibu anayeomba MD (shahada ya udaktari) unasema GPA isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne kwenye masomo matano: Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Someni tena la kwanza. Anaweza kumaliza diploma na GPA ya 4.2 na bado akasimamishwa mlangoni na F aliyoipata miaka mitatu nyuma. Watu wengi wanaijua habari hii wakiwa tayari wameajiriwa zahanati, wana watoto wawili, na Hesabu hawajaigusa tangu kidato cha nne.

Kwa hiyo, akienda diploma, Hesabu lazima irudiwe, na ni rahisi zaidi kurudia mwaka huu kuliko mwaka wowote ujao.

Jinsi ya kurudia: anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Asije mtu akampeleka kwenye QT. Huo mtihani wa maarifa ni wa wale ambao hawajapita njia ya kawaida, yeye ana matokeo ya CSEE (kidato cha nne) tayari. Anachagua kituo cha mtihani kilicho karibu, anachukua namba rejea kituoni, anajaza usajili kwenye tovuti ya NECTA, anaweka namba yake ya mtihani ya zamani na mwaka, analipa kwa namba ya malipo. Ada imekuwa Sh 50,000 kwa muda wa kawaida, Januari hadi mwisho wa Februari; Machi unaongezwa faini na kufika Sh 65,000. Baada ya hapo ni mpaka mwakani.

Na hapa ndipo panaponasa watu. Matokeo yanatoka Januari mwishoni, usajili bila faini unafungwa Februari mwishoni, lakini majina ya kidato cha tano yanatoka Mei mwishoni au Juni. Anayesema "tusubiri kwanza tuone kama atachaguliwa" amekwishachelewa. Msajilini sasa.

Kuhusu kufaulu: D ni alama 30. Mtihani wa Hesabu una maswali 14, saa tatu. Sehemu A maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali manne ya alama 10. Alama 30 ni maswali matano ya sehemu A yaliyokamilika, au matatu ya sehemu B. Tofauti ni kwamba mtahiniwa wa kujitegemea hana ile asilimia 30 ya maendeleo ya shuleni, karatasi ya Novemba ndiyo kila kitu. Kwa hiyo lengeni 45, mkiteleza mnaangukia 30 na kitu.

Mtu aliyepata F asianze na kitabu cha kidato cha kwanza ukurasa wa kwanza, ataishia kwenye sehemu na desimali mpaka Agosti. Achague mada saba zinazolipa: seti, takwimu, uwezekano, matriksi, mfuatano na mfululizo, hesabu za biashara na leja, uwiano. Takwimu kwa mfano, jedwali la masafa lina hatua zilezile kila mwaka: kiini (x) cha kila daraja, kukizidisha na masafa (f) kupata fx, jumla ya fx gawa kwa jumla ya f. Anayekosa hapa mara nyingi hakosi hesabu, anakosa kiini: daraja la 40 hadi 49 anaandika 45 badala ya 44.5, na kila kinachofuata kinapotoka. Akiwa ameonyesha njia, alama za njia anapata hata jibu likiwa baya. Akiandika jibu tupu, anakosa zote.

Kikokotoo hakiingii chumbani. Kinachoruhusiwa ni kitabu cha majedwali cha NECTA, kwa hiyo afanye mazoezi nacho tangu siku ya kwanza. Kuna watoto wanakifungua mara ya kwanza siku ya mtihani, wanasoma logi kwenye safu ya sini.

Dakika Tisini

Mzee wa Fofiga nakubaliana na wewe kwa diploma, lakini usimtishe mtu wa PCB. Kwa anayetoka kidato cha sita, MD inaangalia Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, kila moja isipungue D. F ya Hesabu ya kidato cha nne haimzuii huko. Kwa hiyo baba yake hajakosea: PCB ni miaka 2 na MD 5, jumla 7 kabla ya mwaka wa mafunzo kazini. Utabibu ni 3 na 5, jumla 8.

TaalumaSekondari

Dakika Tisini, kwenye karatasi uko sahihi. Darasani hali ni nyingine, na mjomba aisikie kabla ya kuamua.

D ya kidato cha sita si D ya kidato cha nne. Kule D ni alama 50 hadi 59, E ni 40 hadi 49, S ni 35 hadi 39. Huyu binti Fizikia amepata kati ya 30 na 44, na humo kuna sehemu imetokana na kazi za shuleni. Ili MD imtazame, kwenye Fizikia ngumu zaidi anatakiwa apate 50. Akipata E, daraja lake linaweza kuwa la pili zuri tu na MD bado ikamkataa.

Na Fizikia ya fomu faivu inaongea kwa lugha ya Hesabu. Mwendo wa mzunguko, mawimbi, umeme wa mkondo geu, yote yanataka aljebra, trigonometria na kalkulasi kidogo. Halafu PCB na CBG huambatana na BAM, ile Hesabu ya nyongeza. Mtoto mwenye F ya Hesabu na D ya Fizikia, PCB inamkaba pande mbili kwa wakati mmoja. Wapo wanaotoboa. Ni wale wanaoingia wakijua, wakatumia miezi hii ya Februari hadi Juni kujenga aljebra, kubadili somo la fomula, grafu na trigonometria. Wanaosubiri Julai ndio "PCB inawaua".

Kuhusu CBG, mwalimu aliyeshauri ana hoja ya pointi lakini hakuuliza mtoto anataka nini. CBG haina Fizikia, kwa hiyo MD haipo, famasia na maabara vivyo hivyo zina masharti yake ya Fizikia au Hesabu kwenye vyuo vingi. Hata shahada ya uuguzi inataka Kemia, Baiolojia na la tatu liwe Fizikia, Hesabu ya juu au Lishe, Jiografia haimo. CBG inaelekea kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, ualimu wa sayansi. Ni njia nzuri sana kwa anayezitaka, SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, wanapokea CBG kwa wingi. Lakini kumpeleka CBG mtoto anayeota udaktari ni kumfungia mlango kwa kisingizio cha C tatu.

Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa zikawa 65, kwa hiyo msione ajabu kukutana na majina mapya kwenye mfumo. Asichague kwa kupendezwa na jina. Afungue mwongozo wa TCU wa mwaka huu, atafute MD, asome safu ya masharti, arudi na masomo matatu mkononi.

Rufaa: inafaa pale ambapo kuna pengo lisiloelezeka, mathalani moko (mtihani wa majaribio) na mitihani ya shule alikuwa na B halafu NECTA ikaja F. Maombi yanapita kwa mkuu wa shule, kuna ada kwa kila somo, na muda wake ni mfupi tangu matokeo kutangazwa. Kama moko ya Hesabu nayo ilikuwa F, hiyo pesa lipieni usajili wa Novemba.

Mjomba_wa_Kaliua

Marahaba mwalimu, na ahsanteni nyote. Moko alipata F pia, 21 kama sikosei, kwa hiyo rufaa tumeiacha. Nimemuuliza mwenyewe kwa mara ya kwanza leo. Anasema Fizikia hakuichukia, ila mwalimu wa somo hilo walimpata kidato cha tatu muhula wa pili. Hesabu ndiyo anaiogopa.

Je, anaweza kuomba vyote, yaani Selform abadili iwe PCB kwanza, huku chuo tunaomba pia? Na lile la jina?

Dirisha la Udahili

Anaweza, mjomba, na ndivyo inavyopaswa. Mifumo hiyo miwili haifungani. Selform ni ya TAMISEMI. Programu za afya kwa Tanzania Bara zinaombwa kwenye mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), ambao kwa kawaida hufunguliwa kuanzia Mei na awamu ya kwanza kwenda hadi Julai hivi. Programu zisizo za afya unaomba chuoni moja kwa moja. Kwa hiyo majina ya kidato cha tano yatatoka dirisha la vyuo likiwa bado wazi. Asipoona PCB, ana pa kwenda. Akiiona, maombi ya chuo anayaacha.

Kwenye NACTVET aweke machaguo kwa akili. Watu wanajaza vyuo vyote vya utabibu vya mjini, wote wanagombania hapo hapo. Mwenye C, C, D kwenye sayansi ana nafasi nzuri zaidi akichanganya na vyuo vya serikali vya mikoani. Na chaguo moja au mawili yawe ya kozi jirani: uuguzi na ukunga, au famasia, ambayo kidato cha nne inataka ufaulu wa Kemia na Baiolojia ndani ya ile minne. Ila kila kozi jirani ina njia yake ya kupanda, msidhani diploma ya famasia inaelekea MD.

Chuo binafsi kikiwapigia simu kabla ya dirisha kufunguliwa, kikaahidi nafasi kwa kulipa "kishika uchumba", ulizeni kitu kimoja: namba ya usajili wa chuo NACTVET na kama programu ya utabibu yenyewe ina ithibati. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na programu fulani isiwe na kibali. Mkiangalia kwenye tovuti ya NACTVET mtaona orodha. Mtoto akisoma programu isiyotambuliwa, mwisho wa safari hapati AVN, ile namba ya uhakiki wa tuzo, na bila AVN mfumo wa maombi ya shahada haumpokei mwenye diploma. Ulizeni pia gharama nzima kwa maandishi, maana ada inayotajwa kwenye kipeperushi mara nyingi haina mafunzo ya vitendo, bima, sare na mitihani.

Mikopo: HESLB, yaani bodi ya mikopo, imeanza kutoa kwa ngazi ya diploma tangu mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Nafasi ni chache, hivyo nyaraka ziwe tayari mapema. Na hapo ndipo jina linapoingia.

Jina lishughulikieni sasa hivi. Herufi moja inatosha. RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wanahakiki cheti cha kuzaliwa, HESLB wanasoma cha RITA na cha NECTA kwa pamoja, NIDA wa vitambulisho nao wanataka kimoja wapo. Kanuni ya kazi ni hii: sahihisheni cheti cha kuzaliwa kifuate jina la NECTA, msijaribu kinyume chake, kwa sababu jina lililotoka kwenye matokeo NECTA hawalibadili kirahisi na ndilo litakalosomeka kwenye kila cheti kijacho. Kosa la herufi linarekebishwa ofisi ya RITA ya wilaya mlikosajili kizazi, mkiwa na cheti cha zamani, matokeo, cheti cha ubatizo au cha shule ya msingi, na maelezo ya mzazi. Kama ni jina zima lililo tofauti, hapo mnahitaji hati ya kubadili jina kwa mwanasheria na kuisajili, safari ndefu zaidi. Mkienda kumsajili kurudia Hesabu, hakikisheni jina linaandikwa kama la CSEE ya kwanza, herufi kwa herufi, kwa sababu baadaye atawasilisha matokeo mawili kwa pamoja. Mifumo ya maombi ina sehemu ya kuongeza namba ya mtihani ya pili. Majina yakipishana haiunganishi.

Fundi_Bomba

Naomba kudandia uzi, samahani mjomba. Mdogo wangu kapata Div IV ya 28. Kiswahili C, Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza na Baiolojia D, Fizikia, Kemia na Hesabu F. Nyumbani wamekata tamaa. Kuna chochote?

Dirisha la Udahili

Kipo, tena kingi. Kidato cha tano cha serikali hakipo, pointi zimezidi 25 na krediti ni moja. Lakini ana D kwenda juu sita, na mlango wa NTA ngazi ya 4 kwa programu nyingi ni D nne zisizo za dini. Maendeleo ya jamii, ununuzi na ugavi, utunzaji kumbukumbu, uongozi wa biashara, anaingia na kupanda hadi diploma. Afya ya utabibu hapana, hana Fizikia wala Kemia. Angalieni masharti ya programu moja moja, baadhi zinataka Hesabu.

Akipenda ufundi, VETA hawamuulizi daraja. Umeme wa majumbani, ufundi magari, bomba, uchomeleaji, anaanza NVA (tuzo ya ufundi stadi) ya kwanza hadi ya tatu, na mwenye NVA ya tatu anaweza kuingia ngazi za NTA kwenye fani inayoendana. Usaili na tarehe vinatangazwa na kituo cha mkoa, fomu huchukuliwa nusu ya pili ya mwaka kwa masomo ya Januari. Vyuo vya maendeleo ya wananchi navyo vipo wilayani, watu wanavisahau. Akitaka kurudia mtihani, asirudie masomo yote tisa. Achague matatu au manne yanayobadili njia: krediti zaidi zitamfungulia mambo, F tatu za sayansi aziache kama hana haja nazo.

Dakika Tisini

Mjomba, la mwisho kutoka kwangu. Mkipata PCB, fomu ya kujiunga mtaipakua kwenye tovuti ya TAMISEMI pamoja na majina, kila shule ina yake. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa kuanzia 2022/23, lakini fomu ina orodha ya vitu: godoro, shuka, sare, viatu, vifaa vya usafi, michango, fomu ya daktari ya kupimwa afya. Wanaripoti Julai, na asiyefika ndani ya siku zilizowekwa, kwa kawaida 14, nafasi yake hupewa mwingine. Mkiona shule ni ya mbali sana, aripoti kwanza ndipo muombe uhamisho kupitia wakuu wa shule zote mbili. Kukaa nyumbani mkisubiri uhamisho ndiyo njia ya haraka ya kupoteza nafasi.

Mzee wa Fofiga

Nami niongeze moja kwa mjomba. Kwa alichosema binti kuhusu Fizikia, PCB kwanza na utabibu pembeni ni mpango unaoeleweka. Lakini usajili wa Hesabu wa Novemba lipieni wiki hii, kabla ya kufikiria PCB wala chuo. Akienda diploma utamwokoa. Akienda PCB, ile aljebra aliyoisomea hadi Juni ndiyo hiyo hiyo anayoihitaji kwenye Fizikia na BAM, na kama ratiba ya shule itamzuia kukaa mtihani, mtakuwa mmepoteza Sh 50,000. Leo jioni mpe karatasi moja ya zamani ya Hesabu, saa tatu, bila kikokotoo, sahihisheni pamoja kesho. Alama atakazopata ndizo zitawaambia muda gani unahitajika, na ni mada zipi zianze.

Mjomba_wa_Kaliua

Nimemwita baba yake na mama yake, tumekubaliana hivyo. Kituo cha karibu ni shule aliyosoma mwenyewe, kesho asubuhi nakwenda kuchukua namba rejea, Jumatatu ofisi ya RITA wilayani. Karatasi ya Hesabu amepewa, ameanza na swali la seti.